Injini Imechoka, au Ni Hewa ya Mbeya?

"Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi, nimehamishiwa Mbeya kutoka Dar mwezi wa tatu. Nina Toyota IST ya 2003, cc 1300, niliyoinunua mkononi mwa mtu. Dar haikuwahi kunisumbua. Siku ya kuhama tulikuwa watu wazima wanne na mtoto, mizigo imejaa hadi kioo cha nyuma hakionekani. Kwenye mlima wa Kitonga tulitambaa, basi likanipita kama nimeegesha. Karibu na juu taa nyekundu ya joto iliwaka kidogo, nikapunguza mwendo, ikazima. Tangu nifike Mbeya gari halivuti, nikikanyaga mafuta linalia tu. Fundi wa kwanza kapima kompresheni kapata 165, 168, 165 na 162, akasema inatakiwa izidi 200, kwa hiyo injini imechoka, nitafute nyingine. Wa pili anasema nitoe masega ya eksozi na themostati, eti huku milimani havifai. Shemeji yangu anasema magari yote huchoka Mbeya, hata ndege huchoka, nikuulize wewe kwa kuwa umetengeneza ndege ndogo na kuzirusha. Nimwamini nani? Injini ninayotajiwa ni milioni mbili na nusu, na sina."

Marahaba, mwanangu. Hizo milioni mbili na nusu, hata ungekuwa nazo, zisingetoka mfukoni kwa ushahidi huu. Shemeji yako amekaribia ukweli kuliko mafundi wote wawili, ingawa naye kachanganya mambo. Ila kuna kitu kimoja umekitaja kwa mstari mmoja tu na kupita, nacho ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko kompresheni. Nitakifikia. Kwanza tuanze na hewa, maana bila kuielewa hewa utabadilishiwa injini tatu na zote zitakuwa "zimechoka".

Watu hudhani injini inakula petroli. Inakula hewa. Kwa kila gramu moja ya petroli inataka karibu gramu 15 za hewa. Hewa ndiyo ugali, petroli ni kitoweo. Na injini yako ina kibaba kisichobadilika: kila inapozunguka mara mbili inachota lita 1.3, iwe Kariakoo au Uyole. Kinachobadilika ni uzito wa kilichomo ndani ya kibaba. Pwani, lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.2 hivi. Mbeya, kwenye mita 1,700, lita ileile ina karibu gramu moja. Kama siku ya safari mlinunua krispi za mtoto Morogoro, bila shaka mliona mfuko ulivyovimba kufika Iringa. Hewa ya ndani ilikuwa ileile, ya nje ndiyo iliyolegea.

Hewa ikipungua na petroli inapunguzwa, na nguvu inapungua. Kwa injini isiyo na turbo, kama yako, hesabu ya marubani ni rahisi: asilimia 3 hivi kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa Mbeya ni kama asilimia 17. IST yako ya 1300 ilitoka kiwandani na farasi 87. Mbeya wanaofika kazini ni 72, wale 15 wamebaki pwani. Jua la mchana likichacha wanapungua tena kidogo, kwa sababu hewa ya moto nayo ni nyepesi.

Hilo la jua nililijifunza huko huko ulipo, kwa aibu. Baada ya miaka mingi ya kutengeneza ndege za watu wengine, mimi na rafiki zangu watatu tulinunua Cessna 172 iliyokuwa imeshazeeka, kila mtu akawa na robo yake. Hatukuwahi kukubaliana robo yangu ni ipi, ila matairi yakiisha niliitwa mimi. Siku moja tulikuwa uwanja wa zamani wa Mbeya, ule uliokuwa mjini kabla Songwe haijafunguliwa mwishoni mwa 2012. Saa nane mchana, nyuzi joto 26, watu wanne ndani, mizigo na mafuta ya kutosha. Nikajipanga mwanzo wa njia, nikasukuma mafuta mpaka mwisho kama nilivyozoea Dar. Ndege ikaondoka kivivu. Injini ilikuwa inanguruma, lakini mngurumo wenyewe mzito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Nusu ya njia ikapita, mshale wa mwendo haujafika noti 55 (kama kilomita 100 kwa saa) zinazotakiwa kuinua pua. Nikarudisha mafuta, nikakanyaga breki. Mwenye robo ya pili, aliyekaa kulia kwangu, aligeuka kutazama mji kana kwamba anahesabu mabati.

Tukakaa chini ya bawa na kalamu. Uwanja ule uko futi 5,600 juu ya bahari, lakini kwa joto la siku ile hewa ilikuwa nyepesi kama ya futi 8,200, yaani mita 2,500. Robo ya nguvu za injini ilikuwa haipo hata kabla sijagusa kitu, na mimi nikaongeza kosa langu juu yake. Ndege za kabureta, yaani zinazochanganya petroli na hewa bila kompyuta, zina kitasa chekundu cha kupunguza petroli hewa inapopungua, na mimi nilikiacha ndani kabisa, kama vile niko pwani. Injini ilikuwa inabanwa kitoweo bila ugali. Kesho yake saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza, abiria mmoja akiwa tumemkatia tiketi ya basi, nilivuta kile kitasa taratibu. Mizunguko ikapanda, ikapanda, kisha ikaanza kushuka. Nikakirudisha kidogo. Tukaruka bila tatizo.

Kwa hiyo shemeji yako yuko sahihi kwamba ndege huchoka Mbeya. Lakini ndege huibiwa mara tatu: injini inakosa hewa ya kula, propela inakosa hewa ya kusukuma, na bawa linakosa hewa ya kulibeba, hivyo inabidi ukimbie zaidi ardhini kabla ya kuinuka. Gari linaibiwa mara moja tu, kwenye injini. Na tena wewe huna haja ya kitasa chekundu. Kwenye bomba la hewa la IST, baada ya filta, kuna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, kompyuta inaupasha tena, na kwa kuhesabu umeme uliotumika inajua hewa iliyoingia ina uzito gani. Petroli inapimwa kufuatana na hilo. Gari lako lilijua limefika Mbeya kabla hujaona kibao.

Magari ya zamani hayakuwa na akili hiyo. Nilikuwa na Peugeot 504 ya kabureta, nikipanda nayo kutoka Dar ilianza kutoa moshi mweusi nikishaipita Iringa, na nikichomoa plagi Makambako nazikuta na masizi kama tako la sufuria. Fundi mmoja pale alikuwa na kopo la maziwa limejaa jeti ndogo za kabureta, anakubadilishia unapopanda, unamrudishia unaposhuka. Nadhani ndiko ilikotoka imani kwamba gari la pwani lazima "litengenezwe kwa ajili ya milima". Ilikuwa kweli kwa 504. Kwa IST si kweli, na anayetaka kukuwekea pampu kubwa ya mafuta au kubadilisha kompyuta kwa sababu ya mwinuko anakuuzia dawa ya ugonjwa wa gari jingine.

Sasa kompresheni. Kipimo kile kinafanya nini? Pistoni inavuta hewa ya nje, inaikandamiza, saa inaonyesha imefika wapi. Ukianza na hewa hafifu utaishia na namba ndogo, hata silinda ikiwa mpya kutoka kwenye boksi. Kupungua ni kwa kiasi kilekile: Mbeya unapata kama 83 kwa kila 100 ya pwani. Injini nzima inayotakiwa kusoma 210 Dar, Mbeya itasoma 174 au 175. Chukua namba zako, zigawe kwa 0.83, utapata 199, 202, 199 na 195. Hapo ndipo unapoweza kuzilinganisha na kitabu. Gari lina miaka zaidi ya 20. Hiyo ni injini ya mtu mzima mwenye afya.

Na jambo ambalo fundi wako alilitazama bila kuliona ni kwamba silinda zote nne zinafanana. Kati ya kubwa na ndogo pana tofauti ya pauni 6 tu. Injini mbovu haizeeki kwa usawa namna hiyo. Moja inasoma 165, jirani yake 110, na hapo unajua ringi imekatika au valvu imeungua. Wewe muuguzi unalijua hili: mkanda wa presha usipokuwa wa saizi ya mkono wa mgonjwa, mashine nzima, mgonjwa mzima, namba inadanganya. Muulize pia kama alipima injini ikiwa imepata moto, plagi zote nne zimetolewa, na mtu amekanyaga mafuta mpaka mwisho wakati wa kuzungusha. Wengi husahau la mwisho. Mlango wa hewa ukiwa umefungwa namba zinashuka zenyewe.

Kama bado anabisha, mwombe apime uvujaji, jinsi tunavyopima ndege. Kwenye ndege hatukiamini kipimo cha kuzungusha peke yake. Tunapandisha pistoni juu kabisa, valvu zote zimefungwa, tunaingiza hewa ya pauni 80 kupitia tundu la plagi, na saa ya pili inatuambia imebaki kiasi gani. (Mwenzako anashika propela kwa nguvu. Hewa ile ikiisukuma pistoni, propela inageuka, na haiulizi mkono wa nani uko karibu.) Halafu unanyamaza na kusikiliza. Ukisikia pumzi kwenye eksozi, valvu ya kutolea moshi inavuja. Kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Kwenye gari unaongeza kuchungulia rejeta: mapovu yakichomoza, gasketi ya hedi imepasuka. Mashine zake zipo kwa mafundi wa magari pia, ingawa wengi hawazitumii kwa kuwa zinakula saa nzima ya kazi.

Tuje Kitonga, maana hapo hewa siwezi kuilaumu sana. Kitonga iko chini ya Iringa kwa kimo, na Iringa iko chini ya Mbeya. Pale hewa ilikuwa imekuibia asilimia 10 hivi. Mengine mlibeba wenyewe. IST ina uzito wa tani moja, na nyinyi watano na mizigo hadi darini mkaongeza kilo 350 au 400. Tena wale farasi 87 hawako kazini muda wote. Wanatimia injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Kwenye 2,500, ambako dereva mpole hupenda kukaa, wako chini ya nusu. Ukipanda mlima kwa gia ya juu huku ukiogopa kelele unawaacha farasi wengi zizini. Zima O/D (ile gia ya juu kabisa ya otomatiki), au weka gia ya chini, acha injini ifike mizunguko 4,000 na ibaki hapo. Itapiga kelele, ndiyo. Injini ya ndege ndogo hufanya kazi kwa theluthi mbili au robo tatu ya nguvu zake zote kwa saa nne mfululizo, juu ya pori, na sisi tumekaa tunakula karanga. Dakika kumi za kelele hazitaiua injini ya Toyota yenye maji na oili.

Na basi lililokupita lina turbo: pampu inayozungushwa na moshi wa eksozi, inayoshindilia hewa kwenye silinda. Basi lile mlima haulihusu sana. Usijilinganishe nalo.

Basi, maji. Nimesema "yenye maji na oili" makusudi.

Umeandika mistari mingi juu ya kompresheni na mmoja juu ya taa nyekundu. Mimi ningeandika kinyume. Gari kukosa nguvu litakuchelewesha kazini, lakini taa nyekundu ikipuuzwa ndiyo itakayokupeleka kununua ile injini ya milioni mbili na nusu kwa haki kabisa. Na hapa mwinuko unaingia kwa mlango ambao hakuna aliyekutajia. Maji ya wazi Dar yanachemka kwenye nyuzi 100. Mbeya yanachemka kwenye 94 hivi, ndiyo maana maharage yako siku hizi yanachelewa kuiva. Injini yako inapenda kufanya kazi kati ya 85 na 95. Unaona palivyobana?

Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Si kizibo cha kawaida. Ndani kina springi na mpira vinavyozuia mvuke mpaka shinikizo lifike karibu kilo moja, na maji yakishinikizwa hivyo hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Springi ikilegea au mpira ukikauka, rejeta inakuwa sufuria isiyo na mfuniko. Pwani unaweza kuishi na kifuniko kibovu mwaka mzima bila kujua, hasa kama unaendesha Sinza hadi Muhimbili. Ukipanda na mzigo, maji yanachemka pembeni mwa silinda, mvuke unachukua nafasi ya maji, chuma kinapata moto, taa inawaka. Ukipunguza mwendo inazima, nawe unasema haikuwa kitu.

Linunulie gari kifuniko kipya kabla ya kitu kingine chochote, chenye namba ileile iliyoandikwa juu ya cha zamani, 0.9 au 1.1, usikisie. Weka kulanti, si maji ya bomba. Hakikisha feni inawaka gari likinguruma limesimama, na rejeta haijazibwa na wadudu na vumbi la njia nzima. Kisha tazama dalili za gasketi ya hedi: maji yanapungua na hayaonekani yanakovuja, moshi mweupe unaoendelea hata gari likishapata moto, mabomba ya maji magumu kama jiwe asubuhi kabla hujawasha. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta povu la rangi ya maziwa, angalia na kijiti cha oili. Kama kijiti ni safi na povu ni jembamba pale juu tu, unaweza kuwa ni umande wa baridi ya Mbeya na safari fupi za nyumbani kwenda kazini. Kama kijiti nacho kina maziwa, usiwashe tena. Kompresheni yako kulingana vile kunanipa matumaini kwamba gasketi iko salama, lakini matumaini si kipimo.

Themostati, usiitoe. Najua mafundi wengi huitoa kama wanavyotoa kokoto kwenye mchele. Ni mlango unaobaki umefungwa mpaka maji yapate moto, ndipo yaende kwenye rejeta. Bila mlango huo, asubuhi za Juni huko kwenu injini itakimbia ikiwa baridi njia nzima, kompyuta itaendelea kuimwagia petroli ikidhani ndiyo kwanza imeamka, oili haitapata moto wa kutosha, na utakuwa umepunguza nguvu na kuongeza mafuta kwa pamoja. Kama ina shaka, itoe uipime: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, pasha taratibu. Kabla maji hayajaanza kuchemka itafunguka mbele ya macho yako, utaona kisahani kinajiinua. Isipofunguka, nunua nyingine uirudishe mahali pake.

Masega, yale yanayosafisha moshi ndani ya eksozi, ni hadithi tofauti kidogo, na hapa sitaki kumdhulumu fundi wa pili. Masega ya gari la miaka 20 yanaweza kweli kuziba, na yakiziba dalili ni hizohizo zako: gari linalia na haliendi. Lakini hayazibi kwa sababu umefika mlimani, na huyatoi kwa kukisia. Unafungua sensa ya oksijeni iliyo mbele yake, unafunga saa ya shinikizo pale, unakanyaga hadi mizunguko 2,500. Njia ikiwa wazi, saa inakaa karibu na sifuri. Ikipanda na kuendelea kupanda, yameziba, hapo tutazungumza. Masega mazima ukiyatoa hutapata hata farasi mmoja kati ya wale 15, utapata kelele na harufu. Fundi akitumia saa ya mvuto wa injini, mkumbushe kwamba nayo, kama ile ya kompresheni, husoma chini Mbeya hata kwa gari zima.

Sasa utajuaje kama gari lako limepoteza zile asilimia 17 tu, au kuna mwizi wa pili? Rubani kabla ya kuachia breki anakanyaga mafuta yote na kutazama mizunguko: anajua leo, kwa mwinuko huu, inatakiwa iwe ngapi. Usijaribu hivyo kwenye gari la otomatiki, utachemsha gia. Fanya hivi: tafuta barabara tambarare isiyo na watu, asubuhi, uko na mtu mmoja tu wa kushika saa. Kutoka mwendo wa 40 hadi 80, mafuta yote, sekunde ngapi? Rudia na kurudi, kwa sababu ya upepo na miteremko. Siku utakaposhuka Dar rudia hivyohivyo. Kama Dar ni sekunde 10, Mbeya ikiwa 12 au 12 na nusu hiyo ni hewa, izoee. Ikiwa 16, kuna kitu. Kama huna safari ya Dar karibuni, muombe mwenye IST ya 1300 hapo Mbeya mfanye pamoja. Hawakosekani.

Ukikuta kuna kitu, usianze na ghali. Filta ya hewa kwanza. Njia ya Dar hadi Mbeya ina vumbi, na filta iliyoziba ni mlima mwingine juu ya mlima. Kisha ule waya wa kupima hewa. Ukichafuka unaidanganya kompyuta kwamba hewa ni kidogo kuliko ilivyo. Unasafishwa kwa spirei yake maalumu na hauguswi kwa pamba wala kidole. Plagi, kama hujui zilibadilishwa lini, badilisha. Gusa rimu zote nne baada ya safari fupi: moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inakamata, na umekuwa ukivuta nanga. Oili ya gia, itazame rangi na uinuse. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, kelele bila mwendo inaweza kuwa ni gia inayoteleza, wala si injini. Hiyo mpeleke fundi wa gia, usimwachie wa injini.

Na ikiwa kila kitu ni kizima? Hapo unachagua. Unaweza kulizoea, upande na mzigo wa kiasi, asubuhi, kwa gia ya chini. Ndivyo ningefanya mimi. Au siku ya kubadilisha gari uchukue IST ya cc 1500. Yenyewe ina farasi kama 110, na Mbeya wanabaki 91, wengi kuliko wale wa gari lako lilipokuwa pwani. Kuweka turbo kwenye injini isiyotengenezewa turbo ni kazi ya wenye pesa za kuchezea. Na kununua injini nyingine ya 1300? Nayo ikifika Mbeya itaacha farasi 15 palepale ilipowaacha ya kwanza, na fundi ataipima, ataona 175, atakuambia nayo imechoka.

Usiende safari ndefu kabla ya suala la taa kukamilika. Ikiwaka tena, hata kwa sekunde, ondoka barabarani, zima AC, washa hita ya ndani mpaka mwisho na feni yake, utaungua miguu lakini itavuta moto kutoka kwenye injini. Isipozima ndani ya dakika moja, zima injini. Na siku utakayoshuka Kitonga kurudi Dar, gia ileile uliyostahili kupandia ndiyo ya kushukia. Breki peke yake kwenye mteremko ule hupata moto, zikafika mahali unakanyaga na hakuna kitu.

Ukishapata kifuniko kipya cha rejeta, kifunge asubuhi gari likiwa baridi kabisa. Likiwa la moto usikifungue, hata kwa kitambaa, hata fundi akikuambia yeye hufungua kila siku. Wewe umewahi kuwafunga bandeji waliofungua.